Pleti Ikivunjika Mwilini: Jinsi ya Kudai Haki Yako Ukiwa Kisumu, Nakuru au Magharibi

Ajali za bodaboda zimeacha pleti, yaani vyuma vya kushika mfupa uliovunjika, katika miguu ya watu wengi kuanzia Naivasha hadi Busia. Ongeza hapo waliowekewa nyonga ya bandia, neti ya henia, lenzi ya jicho baada ya mtoto wa jicho, kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, koili, au vijiti vya kupanga uzazi mkononi. Vingi kati ya vifaa hivi hufanya kazi yake vizuri. Mwongozo huu ni wa yule ambaye chake hakikufanya: kimevunjika, kimelegea, kimehama mahali pake, au kimemletea maumivu ambayo hakuwa nayo kabla ya upasuaji.

Watu wengi wakifika hapo hukimbilia wakili kwanza. Nakusihi uanze na stika, nami nitaeleza ni stika gani. Kesi za namna hii mara nyingi hupotea kabla hazijafika mahakamani, kwa sababu hakuna anayeweza kusema kifaa kilichowekwa kilikuwa kipi, kilitengenezwa na nani, na kiliingia nchini kupitia mkono wa nani.

Hatua ya 1: Tibiwa, na tatizo liandikwe

Ukiwa na homa, usaha, mguu uliovimba ghafla au kizunguzungu na una kifaa cha moyo, nenda hospitali leo. Mambo ya haki yatangoja kidogo. Usikubali mtu yeyote akitoe kifaa nje ya hospitali. Hilo linahusu pia vijiti vya mkononi, kwa sababu kijiti kilichozama ndani hutafutwa kwa ultrasaundi, si kwa wembe wa kliniki ya mtaani.

Ukishaonekana, mwombe daktari aandike anachokiona. "Mgonjwa analalamika maumivu" haitakusaidia. "Pleti imevunjika katika tundu la nne la skrubu, mfupa haujaunga" itakusaidia sana. Ukiweza, tafuta maoni ya daktari wa pili ambaye hakuhusika na upasuaji wa kwanza. Aliye Kakamega anaweza kwenda Kisumu au Eldoret, na aliye Molo anaweza kuteremka Nakuru mjini. Hili si kumdharau daktari wako. Mtu aliyefanya kazi mwenyewe hawezi kuwa shahidi huru juu ya kazi hiyo.

Hatua ya 2: Hesabu miezi yako

Sheria ya Kenya ina saa inayokwenda, na haisimami kwa sababu unaumwa.

Kesi ya uzembe dhidi ya mtu binafsi au kampuni hufunguliwa ndani ya miaka 3, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Muda wa Kesi, Sura ya 22. Hapa wanaingia hospitali ya kibinafsi, mtengenezaji, mwagizaji na muuzaji. Kama madai yako yanatokana na mkataba, kwa mfano ulinunua pleti kwa pesa zako ikawa mbovu, sheria hiyohiyo inatoa miaka 6.

Hospitali ya umma ina hesabu nyingine. Sura ya 39, inayohusu kesi dhidi ya serikali, inatoa miezi 12 tu kwa kesi ya uzembe. Ndiyo, mwaka mmoja. Mtu aliyefanyiwa upasuaji katika hospitali ya kaunti, akaambiwa "vumilia, mfupa utaunga", akavumilia miezi kumi na minne, anaweza kukuta mlango umefungwa. Nimeweka hatua hii hapa juu kwa ajili ya mtu huyo.

Je, saa inaanza lini? Mawakili hubishana sana juu ya hilo, kwa kuwa kifaa kibovu kinaweza kukaa kimya miaka kadhaa kabla ya kuumiza. Kwa usalama wako, hesabu kuanzia siku ya upasuaji, na wakili ndiye atakayekuambia kama una nafasi zaidi. Nafasi hiyo ipo. Kifungu cha 27 cha Sura ya 22 kinamruhusu mtu aliyeumia aombe mahakama imwongezee muda ikiwa mambo ya msingi ya kesi yake hakuyajua wala hakuwa na njia ya kuyajua. Fikiria mtu aliyegundua mwaka wa tano kwamba nyonga yake iliondolewa sokoni na mtengenezaji kwa kasoro. Lakini akishajua ana mwaka mmoja tu, na kutojua sheria hakuhesabiwi kuwa sababu. Ruhusa hiyo hutolewa bila upande wa pili kusikilizwa, kwa hiyo washtakiwa wanaweza kuja kuipinga wakati wa kesi yenyewe. Weka ushahidi wa tarehe uliyojua: barua, eksirei, ujumbe wa daktari.

Hatua ya 3: Tafuta stika

Kila kipandikizi halali, yaani kifaa cha kuwekwa mwilini, hutoka kiwandani na pakiti au orodha yenye jina la mtengenezaji, nambari ya aina ya kifaa (angalia herufi REF), nambari ya kundi la uzalishaji (LOT) na pengine nambari ya kifaa chenyewe (SN). Pakiti nyingi huwa na stika kadhaa zinazobanduliwa. Moja hubandikwa kwenye karatasi ya thieta ndani ya faili lako, nyingine hubandikwa kwenye kadi unayopewa. Wenye vifaa vya moyo na nyonga za bandia ndio hupewa kadi zaidi. Wa pleti na skrubu mara nyingi hawapewi kitu, maana vyuma hivyo vingi hutoka kwenye sinia lililochemshwa pamoja wala si kwenye pakiti ya kimoja kimoja. Hapo swali lako liwe: hilo sinia lilikuwa la kampuni gani, na nani alilileta?

Swali hilo lina uzito kwetu hapa. Katika hospitali zetu nyingi daktari humwandikia mgonjwa pleti, kisha familia inatumwa kuinunua kwa muuzaji wa nje, au mwakilishi wa kampuni anafika na seti nzima asubuhi ya upasuaji. Pesa zinatumwa kwa M-Pesa, na risiti labda haitolewi. Kama wewe ndiye uliyenunua, basi kuna mauzo kati yako na muuzaji, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka muuzaji akupe kitu kinachofaa kwa kazi uliyomwambia. Muuzaji wa vipandikizi hawezi kudai hakujua pleti ni ya kazi gani. Kwa hiyo tafuta ule ujumbe wa M-Pesa, chukua taarifa kamili ya malipo kutoka Safaricom, na uandike jina la biashara iliyopokea.

Kuna misumari ya mifupa inayokuja kama msaada, kwa mfano ya shirika la SIGN Fracture Care la Marekani. Huko hakuna mauzo, ila kuna rekodi nzuri, kwa kuwa madaktari wanaoitumia huingiza kila upasuaji kwenye hifadhidata ya shirika.

Hatua ya 4: Omba faili lako kwa maandishi

Usiombe dirishani kwa mdomo. Andika barua fupi kwa msimamizi wa hospitali, taja jina lako, nambari ya mgonjwa na tarehe za kulazwa, kisha orodhesha unachotaka: fomu ya idhini, maelezo ya upasuaji, karatasi ya thieta yenye stika, picha zote za eksirei, karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na ankara. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Muhuri huo ni ushahidi.

Una haki ya rekodi hizi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazibana hospitali za kibinafsi vilevile, kwani taarifa za afya yako ni zako, na kanuni zake za 2021 zinatoa siku 7. Ukizungushwa na hospitali ya umma, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ikiwa ni ya kibinafsi, nenda kwa Kamishna wa Kulinda Data. Kama bili haijalipwa na unaambiwa faili halitoki, sisitiza kwamba unaomba nakala, si faili.

Piga picha kila karatasi siku hiyohiyo. Hifadhi simu uliyopigia picha hizo, maana picha za simu na taarifa za M-Pesa zikifika mahakamani huandamana na cheti maalum chini ya Sheria ya Ushahidi, kinachosema zilitolewa katika kifaa gani na nani.

Hatua ya 5: Kifaa kikitolewa, kisitupwe

Hospitali huhesabu chuma kilichotolewa mwilini kuwa taka za hospitali, na kikishachomwa au kutupwa hakirudi. Kabla ya upasuaji wa kukitoa, andika barua ukiomba kihifadhiwe, mkabidhi daktari, na omba ombi hilo liandikwe kwenye fomu ya idhini. Kioshwe kwa utaratibu wa hospitali, kipigwe picha pande zote kikiwa karibu na rula, kiwekwe kwenye chombo chenye lebo ya jina na tarehe, na kila anayekipokea atie sahihi. Usikisugue nyumbani. Usikipake Jik. Mahali kilipovunjikia ndipo mtaalamu wa vyuma atasoma kilichotokea.

Mwakilishi wa kampuni anaweza kuja na maneno mazuri, akiomba akipeleke kiwandani "kichunguzwe". Mjibu kwa upole kwamba kitachunguzwa mbele ya wataalamu wa pande zote mbili. Usimkabidhi.

Hatua ya 6: Kosa ni la nani?

Hapa lazima niseme jambo ambalo wagonjwa hawapendi kulisikia: kifaa kuvunjika si ushahidi tosha kwamba kilikuwa kibovu. Pleti imetengenezwa ishike mfupa hadi uunge. Mfupa usipounga, kila hatua unayopiga huipinda pleti kidogo na kuirudisha, na chuma huchoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa hadi ukatike. Mfupa nao hukataa kuunga kwa sababu nyingi: maambukizi, sigara, sukari, mgonjwa kukanyagia mguu mapema, au daktari kuchagua pleti fupi kuliko ilivyohitajika.

Kwa hiyo tenganisha mambo manne. La kwanza ni kasoro ya kiwandani: kundi moja la vifaa lilitengenezwa vibaya, au kifaa ni bandia. La pili ni kasoro ya muundo, ambapo kila kifaa cha aina hiyo kina hatari. Nyonga ya ASR ya kampuni ya DePuy ilikuwa ya namna hii. Chuma kilisuguana na chuma, chembe zikaingia katika nyama na damu, na ikaondolewa sokoni duniani kote Agosti 2010 baada ya watu wapatao 93,000 kuwekewa. La tatu ni onyo lililofichwa, yaani mtengenezaji alijua hatari lakini madaktari hawakuambiwa. La nne ni uzembe wa daktari au hospitali, ambao hauna uhusiano na kiwanda.

Mbaya zaidi huwa ni udanganyifu mtupu. Kampuni ya PIP ya Ufaransa iliweka matitini mwa wanawake silikoni ya viwandani, isiyoruhusiwa kwa tiba. Iligunduliwa 2010, na mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka 4 mwaka 2013.

Ili kujua kama kifaa chako kina historia, chukua nambari ya REF na jina la kampuni, utafute kwenye orodha za vifaa vilivyorudishwa za mamlaka zinazosimamia vifaa vya tiba, FDA ya Marekani na MHRA ya Uingereza. Waandishi wa ICIJ, muungano wa kimataifa wa waandishi wa habari za uchunguzi, pia walikusanya taarifa za nchi nyingi kwenye hifadhidata moja mwaka 2018, na kuisoma ni bure.

Ikibaki shaka juu ya nani alaumiwe, usikwame. Kanuni za Mashauri ya Madai, Agizo la 1, zinamruhusu mlalamishi asiye na hakika awashtaki wote kwa pamoja: daktari, hospitali, muuzaji, mwagizaji na mtengenezaji. Mahakama itagawanya lawama.

Na ile fomu uliyotia sahihi kabla ya upasuaji? Wengi hudhani iliwafunga mdomo. Uliridhia hatari ulizoelezwa za upasuaji uliofanywa kwa uangalifu. Hukuridhia kuwekewa bidhaa mbovu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, na haki ya fidia kwa madhara yatokanayo na kasoro zake.

Hatua ya 7: Ripoti, ila usidhani kuripoti ni kushtaki

Kuhusu kifaa chenyewe, ripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo ndiyo husajili na kufuatilia vifaa vya tiba. Ripoti hutumwa kwa mtandao, na mgonjwa anaweza kuituma mwenyewe. Uliza pia kama kifaa kimesajiliwa na mwakilishi wake hapa nchini ni nani. Jibu hilo pekee linaweza kukupa mshtakiwa aliye Kenya badala ya kampuni iliyo ng'ambo.

Kuhusu daktari au hospitali, mlango ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Linaweza kumwadhibu daktari na kituo, na matokeo yake husaidia mahakamani. Lakini lalamiko lililo mbele ya Baraza halisimamishi saa ya Hatua ya 2. Usingoje barua ya Baraza mpaka muda wa kesi upite.

Hatua ya 8: Wakili, gharama na mahakama

Hakikisha wakili ana cheti cha mwaka huu kupitia tovuti ya Chama cha Mawakili. Muulize amewahi kuendesha kesi ngapi za uzembe wa hospitali, si za ajali za barabarani tu. Atakayekuambia "hulipi kitu mpaka tushinde" anakupa makubaliano yasiyokubalika chini ya Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46. Kupunguziwa au kulipa kwa awamu ni halali, na yaandikwe.

Huna uwezo? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Wanawake, hasa walioumizwa na neti za nyonga, koili au vijiti, wanaweza kuanzia ofisi ya FIDA, shirika la mawakili wanawake, iliyoko Kisumu. Tena Agizo la 33 la Kanuni za Mashauri linamruhusu maskini aombe kushtaki bila kulipa ada za mahakama. Jua pia kwamba anayeshindwa kwa kawaida hubeba gharama za mshindi. Ndiyo maana ripoti ya mtaalamu inafaa ije kabla ya kesi.

Si lazima usafiri Nairobi. Kesi ya kuumizwa mwili hufunguliwa mahali madhara yalipotendeka au mshtakiwa anapoishi. Aliyepasuliwa Kisumu anaweza kumshtaki Kisumu mwagizaji mwenye ghala Nairobi. Hakimu Mkuu husikiliza madai hadi shilingi milioni 20, na zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Mahakama ya Madai Madogo huamua ndani ya siku 60 kwa madai yasiyozidi milioni 1. Inafaa ukitaka tu pesa za pleti zirudishwe, ila kwa ulemavu wa kudumu nakushauri uiepuke, kwa sababu huwezi baadaye kurudi kudai zaidi kwa jambo lilelile.

Fidia ya gharama ulizotumia hutolewa kwa kilichothibitishwa shilingi kwa shilingi. Risiti za dawa, nauli ya matatu kutoka Siaya, magongo, mshahara uliokosa, vyote viwe kwenye bahasha moja. Kama mgonjwa alifariki, familia itahitaji kwanza hati ya mahakama ya kusimamia mali yake kabla ya kushtaki kwa niaba yake.

Ulipasuliwa ng'ambo, au umesikia kesi ya Marekani?

Matangazo ya intaneti yanayoahidi dola kwa kila mwenye nyonga ya chuma yasikuchukue. Makubaliano ya DePuy ya 2013, ya takriban dola bilioni 2.5, yalikuwa ya wagonjwa wa Marekani. India ilibidi serikali iunde kamati yake na kupanga kiwango cha fidia kwa wagonjwa wake. Usimlipe mtu yeyote "ada ya kujiandikisha".

Ila kama ulipasuliwa India, kama wafanyavyo wengi wa kwetu, una njia huko. Sheria ya India ya Kulinda Watumiaji ya 2019 inagusa moja kwa moja dhima ya mtengenezaji na muuzaji wa bidhaa mbovu, na muda wake ni miaka 2. Utahitaji wakili wa kule, na faili lako la kule. Liombe kwa barua pepe sasa.

Hatua ya 9: Ukiitwa kuelewana

Kesi nyingi huishia mezani, nje ya mahakama au kupitia upatanishi wa mahakama. Si jambo baya. Jihadhari tu na hospitali au kampuni inayokuahidi upasuaji wa bure, kisha inakuwekea karatasi ya kusema huna madai tena. Usitie sahihi siku hiyohiyo, na wakili aisome kwanza. Makubaliano yaseme nani analipia upasuaji wa marudio na mazoezi ya viungo baada yake, kifaa kipya ni cha kampuni gani, itakuwaje nacho kikishindwa, pesa zitalipwa tarehe gani, na kifaa cha zamani kitabaki kwa nani. Kisha yasajiliwe mahakamani kuwa amri, ili wakichelewa kulipa usilazimike kuanza kesi upya.